Sura ya Sita: Mbunge wa Likasi

Jean-Michel Sama Lukonde hakuzaliwa Likasi. Alizaliwa Paris tarehe 4 Agosti 1977, na alipotafuta tena kura za wananchi mwaka 2023 alizitafuta Kasenga, kule kwenye mto Luapula, mpakani na Zambia. Hata hivyo, mlango wa kwanza alifunguliwa na Likasi. Mwezi Novemba 2011 wapiga kura wa mji huo walimpeleka Kinshasa kuwa mbunge wa taifa akiwa na umri wa miaka 34. Baada ya hapo akawa waziri, kisha mkurugenzi mkuu wa Gécamines, kisha waziri mkuu, na tangu Agosti 2024 Spika wa Seneti. Ngazi zote hizo alizipanda katika muda usiofika miaka 13. Nami, pamoja na kumfuatilia kwa karibu, sikumbuki hotuba yake hata moja.

Hilo la mwisho silisemi kwa kejeli. Katika nchi ambayo wakubwa wengi wameangushwa na midomo yao, mtu anayefika juu kabisa bila kukumbukwa kwa neno lolote anastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko wale wenye kelele. Ndiyo maana nimempa sura nzima.

Tuanze na mji wenyewe. Likasi uko zaidi ya kilomita 100 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, kwenye barabara na reli ya kwenda Kolwezi. Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa makampuni yaliyoijenga Katanga ya shaba. Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki ya Marekani, uko jirani. Septemba 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, wanajeshi wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walizingirwa mjini Likasi kwa siku kadhaa wakapigana mpaka risasi na maji vikawaishia. Mitaa mikubwa ni minne, yaani Likasi yenyewe, Kikula, Shituru na Panda, na ukitamka Shituru au Panda, mtu wa pale anafikiria kiwanda kabla hajafikiria ofisi ya bwana meya.

Hapo ndipo penye siri ya Likasi. Kampuni ilitangulia, serikali ikafuata. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri, ikajenga nyumba, ikafungua shule na hospitali, ikagawa posho ya unga. Ilipotaifishwa mwanzoni mwa 1967, na baadaye kuitwa Gécamines, mfanyakazi hakuona tofauti kubwa, kwani mkono uleule uliendelea kumlisha. Leta, kama watu wa Katanga wanavyoiita serikali, ilikuwa na bendera na karatasi za kodi. Gécamines ilikuwa na mshahara. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ukaporomoka, na muongo huo ulipofika katikati uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi makumi machache ya maelfu ya tani. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walilipwa kiinua mgongo na kuondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Waliopokea fedha hizo wana maoni yao kuhusu neno hilo.

Mtu aliyeomba kura Likasi mwaka 2011 aliomba kwa jamii hiyo, jamii ambayo baba alikuwa amepoteza kazi na mtoto anachimba kwa mikono. Hakuna aliyehitaji kufundishwa pale kwamba cheo cha juu ni jambo la kupewa na la kunyang'anywa.

Inafaa hapa kutenganisha njia mbili, maana watu huzichanganya. Ipo njia ya mtumishi wa umma wa kawaida, inayotawaliwa siku hizi na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Huyo huanza chini, pengine kama tarishi au karani, akapanda kuwa mkuu wa ofisi, mkuu wa divisheni, mkurugenzi, na akibahatika sana anafika kuwa katibu mkuu wa wizara, kilele cha utumishi. Kwenye karatasi ngazi hiyo imenyooka. Katika ofisi za Likasi, kama katika ofisi za Bukavu au Kananga, utamkuta mtu ameripoti kazini kila asubuhi kwa miaka na jina lake bado halijaingia kwenye orodha ya mishahara kule Kinshasa. Mwingine ana mshahara lakini hana primu, yaani marupurupu, na mshahara bila primu haufikishi mwezi nusu. Wengine wamepita umri wa kustaafu lakini hawaondoki, kwa sababu fedha za kuwaaga hazijatoka. Hawa ndio wanaoiendesha Leta kila siku, wanaogonga mihuri na kutunza majalada. Mimi ninawaheshimu kuliko ninavyowaheshimu mawaziri, lakini kitabu cha wakubwa hakiwezi kuwa chao.

Njia ya pili ni ya uteuzi. Jioni, televisheni ya taifa inasimamisha vipindi, msomaji anaanza kusoma ordonansi ya Rais wa Jamhuri, na kabla hajafika mwisho kuna watu wamekuwa wakurugenzi na wengine wamekuwa raia wa kawaida. Lukonde ni mtoto wa njia hii ya pili, ingawa aliingia kwa mlango wa kura.

Siasa hakuianza yeye katika ukoo wake. Baba yake, Stéphane Lukonde Kyenge, alikuwa mwanasiasa wa Katanga, akauawa mwaka 2001. Mtoto alisomea mambo ya ufundi na kompyuta, akajiunga na chama kidogo cha Avenir du Congo, ACO, kinachoongozwa na Dany Banza. Kuwa katika chama kidogo kuna faida yake. Chama kikubwa kina foleni ndefu, na kila aliyeko mbele yako ana mjomba. Katika chama kidogo, kikialikwa mezani, viti viwili vinatosha kwa wote wanaojua kusoma bajeti. Desemba 2014 Rais Joseph Kabila alipopanua serikali ya Augustin Matata Ponyo, Lukonde akapewa wizara ya Vijana na Michezo. Alikuwa na miaka 37.

Miezi tisa baadaye aliiacha. Septemba 2015 vyama saba vya upande wa Rais, vilivyokuja kujulikana kama G7, vilimwandikia Kabila kumtaka aheshimu ukomo wa mihula miwili. Vilifukuzwa kwenye muungano wa watawala mara moja. ACO ilikuwa kati ya vyama hivyo, na Lukonde akajiuzulu uwaziri. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuliona jambo hili dogo. Kule Kinshasa, gari la serikali, walinzi na kibahasha cha kila mwezi haviachwi kirahisi, na wapo mawaziri waliohama vyama vyao ili wabaki na wizara. Yeye alibaki na chama. Sidhani kama alijua wakati ule kwamba amenunua tiketi ya safari ndefu. Nadhani aliona tu kwamba mlezi wake, Banza, anaondoka, naye akaondoka naye.

Matokeo yalikuja mwaka 2019. Félix Tshisekedi alikuwa ameapishwa mwezi Januari, akitawala pamoja na kambi ya Kabila iliyokuwa na wingi mkubwa bungeni. Banza alikuwa mtu wa karibu wa rais mpya. Tarehe 3 Juni zilisainiwa ordonansi za kubadilisha uongozi wa mashirika mawili makubwa ya Katanga, Gécamines na kampuni ya reli SNCC. Lukonde akawa mkurugenzi mkuu wa Gécamines, huku Albert Yuma, mtu wa enzi ya Kabila, akibaki mwenyekiti wa bodi. Kambi ya Kabila ikapinga utaratibu uliotumika, na makabidhiano yakakwama kwa miezi. Mtu mwingine angekwenda redioni kulalamika. Lukonde alisubiri.

Katika ordonansi hizohizo mna jina jingine ambalo Likasi haiwezi kulisoma bila kusimama. Mwenyekiti mpya wa bodi ya reli alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza.

Turudi nyuma kidogo. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Jean Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana wa Katanga wakati huo alikuwa Kyungu, na hotuba zake dhidi ya watu wa Kasai zilikuwa zimekwisha kuwasha hasira. Likasi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuwaka. Familia ambazo babu zao waliletwa na Union Minière kufanya kazi, watu waliozaliwa Kikula na Panda na ambao hawakuwahi kuiona Kasai, zilitolewa majumbani. Maelfu kwa maelfu walikaa kituo cha reli cha Likasi kwa wiki na miezi wakingoja treni, na wengi, hasa watoto, walifia hapo kwa njaa na magonjwa.

Miaka 27 baadaye mtoto wa Étienne Tshisekedi, akiwa Rais, anamkabidhi Kyungu reli. Na miezi ishirini hivi baada ya hapo anamchagua mbunge wa zamani wa Likasi kuwa waziri mkuu wake. Wakubwa wanaweza kusameheana kwa ordonansi. Waliopoteza watoto pale stesheni hawakuulizwa. Kyungu alifariki Luanda Agosti 2021, akiwa mshirika wa Rais.

Bila historia hiyo, uteuzi wa tarehe 15 Februari 2021 hauna maana kamili. Rais kutoka Kasai anamhitaji Mkatanga karibu naye, kwa sababu shaba na kobalti ziko Katanga na kwa sababu Kabila na mwanasiasa Moïse Katumbi wote wana mizizi huko. Wakatanga waliowahi kukalia kiti cha waziri mkuu hawakuwa na mwisho mzuri. Moïse Tshombe aliteuliwa 1964, akatimuliwa mwaka uliofuata, akafa kifungoni Algeria 1969. Évariste Kimba, aliyeteuliwa baada yake na kukataliwa na bunge, alinyongwa hadharani Kinshasa Juni 1966. Nguza alihukumiwa kifo 1977, akasamehewa, akawa waziri mkuu 1980, akakimbilia uhamishoni, akarudi, akawa balozi Washington, kisha waziri mkuu tena. Ukimtazama Nguza unaelewa ni kwa nini kijana wa Katanga mwenye akili anaweza kuamua kuongea kidogo.

Somo la karibu zaidi Lukonde alilipata kwa mtangulizi wake. Sylvestre Ilunga Ilunkamba, Mkatanga naye, profesa wa uchumi aliyewahi kuwa waziri chini ya Mobutu na kuiongoza SNCC, alikuwa waziri mkuu wa kambi ya Kabila. Silaha yake ilikuwa kalamu, kwa sababu ordonansi nyingi za Rais zinahitaji sahihi ya waziri mkuu kando ya sahihi ya Rais. Julai 2020 Ilunga alisafiri kikazi kwenda Lubumbashi. Akiwa huko, televisheni ikasoma ordonansi za kuteua majaji wa Mahakama ya Katiba na wakubwa wa jeshi, zikiwa na sahihi ya waziri wa mambo ya ndani, Gilbert Kankonde, aliyekuwa anakaimu nafasi yake. Waziri mkuu alipata habari kama mtazamaji mwingine yeyote. Wale majaji wapya waliapishwa, ushirika wa kambi mbili ukavunjika mwishoni mwa mwaka, na tarehe 27 Januari 2021 wabunge 367 walipiga kura ya kutokuwa na imani naye. Siku mbili baadaye alijiuzulu.

Lukonde alikuja na kalamu isiyogoma. Serikali yake ya kwanza ilikuwa na watu 57, maana Union Sacrée, muungano mpya wa Rais, ulikuwa na wadai wengi, na bunge likaipitisha tarehe 26 Aprili kwa kura 410. Siku chache tu zikapita, Kivu Kaskazini na Ituri zikawekwa chini ya hali ya dharura, magavana wa kiraia wakapisha wanajeshi. Uamuzi ulikuwa wa Rais. Kuulipia, kuutetea bungeni na kuurefusha kila mara ikawa kazi ya serikali. Katiba ya 2006 inasema serikali ndiyo inayoongoza siasa ya taifa kwa makubaliano na Rais. Chini ya Lukonde neno makubaliano lilikuwa jepesi sana kutamkwa.

Je, alifanya nini? Si kweli kwamba hakufanya kitu. Julai 2021 nchi iliingia katika programu ya miaka mitatu na Shirika la Fedha la Kimataifa, ya dola bilioni 1.5 hivi, na ikaifikisha mwisho, jambo ambalo Kongo haikuwahi kulifanya. Bajeti ya taifa, kwenye karatasi, ilipanda kutoka dola bilioni saba hivi hadi takriban bilioni 16 kwa mwaka 2023, ikisaidiwa na bei nzuri ya shaba na kobalti. Nidhamu ya namna hiyo haileti shangwe barabarani. Inatokana na mtu kukaa vikaoni saa nyingi na kuwaambia mawaziri hapana kwa upole.

Mpango uliobeba jina la serikali yake ulikuwa ule wa maendeleo ya wilaya za vijijini 145, wenye thamani ya dola bilioni 1.6, wa kujenga shule, zahanati, ofisi na barabara za udongo. Ulianza kwa tarumbeta, ukaenda kwa kuchechemea, na wabunge wengi walirudi majimboni kukuta misingi isiyo na kuta. Kwa Haut-Katanga ulihusu Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Likasi ni mji, haihesabiwi kati ya hizo 145. Wilaya ya Kambove inayouzunguka mji huo ilikuwa ndani ya mpango, mji uliompa Lukonde kura ulikuwa nje. Sioni hila hapo, ni utaratibu tu, lakini ni utaratibu unaouma.

Mashariki ndiko serikali yake ilikoshindwa wazi. Waasi wa M23 waliteka mji wa Bunagana mwezi Juni 2022 na wakaendelea kusonga. Mwaka 2023 Rais alibadilisha baraza, akawaingiza Jean-Pierre Bemba ulinzi na Vital Kamerhe uchumi, wanaume wawili ambao kila mmoja wao aliwahi kuutaka urais. Waziri mkuu akawa ndiye mwenye jina dogo kuliko manaibu wake. Alibaki. Wengi waliotabiri kuondoka kwake mwaka huo walimpima kwa ukubwa wa sauti, kipimo ambacho hakikuwa chake.

Tarehe 20 Juni 2022, wiki moja baada ya Bunagana kuanguka, alikuwa Brussels, katika kasri la Egmont, kando ya waziri mkuu wa Ubelgiji Alexander De Croo, mbele ya jeneza lililobeba jino la Patrice Lumumba. Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961, maafisa wa Kibelgiji na mawaziri wa Katanga wakiwa pale, na baadaye miili yao ikayeyushwa kwa asidi. Serikali iliyofanya hayo ilikuwa ya Tshombe, na mawaziri wake walikuwa watu wa Katanga. Ubelgiji iliomba radhi tena siku hiyo. Kwamba Mkatanga ndiye aliyesimama kwa niaba ya Kongo kupokea kilichobaki ni jambo zito kuliko karibu kila kitu alichosaini. Kinshasa haikulizungumza sana. Yeye mwenyewe, kama kawaida, hakulisisitiza.

Uchaguzi wa Desemba 2023 ulimpa kiti cha ubunge Kasenga. Sheria haikubali mtu awe mbunge na waziri mkuu kwa pamoja, na tarehe 20 Februari 2024 aliwasilisha barua ya kujiuzulu. Aliendelea na shughuli za kila siku hadi Juni, alipomkabidhi ofisi Judith Suminwa Tuluka, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Miaka mitatu na ushee: si muda mfupi kwa kiti kile. Kisha akaingia Seneti kwa tiketi ya Haut-Katanga, na tarehe 12 Agosti 2024 maseneta wakamchagua kuwaongoza, akichukua nafasi ya Modeste Bahati Lukwebo.

Wapo wanaosema alipelekwa kupumzika. Sikubaliani nao. Kwa ibara ya 75 ya katiba, kiti cha Rais kikibaki wazi kwa kifo, kujiuzulu au sababu nyingine, anayekishikilia hadi uchaguzi mpya ufanyike ni Spika wa Seneti.